Je, Yonathani alikuwa ndumilakuwili?

Swali: Bwana asifiwe, Mwalimu. Nafundisha Biblia kundi la vijana. Juma lililopita tulisoma 1 Samweli 20, pale Yonathani anapompa Daudi ishara ya mishale ili aikimbie hasira ya Mfalme Sauli. Kijana mmoja akasema: "Huyu Yonathani ni ndumilakuwili. Analia na Daudi kondeni, halafu anarudi mjini kula kwa Sauli. Angekuwa rafiki kweli angeondoka naye." Wenzake wakamuunga mkono, nami nikakosa la kusema. Kwa nini hakumfuata Daudi?

Jibu: Amina, mama. Usimnyamazishe kijana huyo. Ameuona mstari ambao wahubiri wengi huuruka, ule wa mwisho wa sura: Daudi akaondoka akaenda zake, naye Yonathani akaingia mjini. Mwandishi hakusema kwa nini. Kwa hiyo nitakayokueleza nimeyaokota katika sura za mbele na za nyuma yake, na mahali pengine ni maoni yangu tu.

Tuanze na hilo neno ndumilakuwili, maana lina kipimo chake. Ni mtu wa maneno mawili, hapa anasema hivi, akigeuka anasema vile. Basi tumpime Yonathani kwa kipimo hicho hicho. Katika sura ya 19 Sauli anawaambia Yonathani na watumishi wake wote kwamba Daudi auawe. Yonathani anampasha Daudi habari ajifiche, kisha anakwenda kusimama na baba yake shambani na kumwambia ana kwa ana: usimkosee mtumishi wako, yeye hakukukosea, aliihatarisha roho yake akampiga yule Mfilisti, nawe uliona ukafurahi. Sauli akalainika, akaapa kwa jina la Bwana kwamba Daudi hatauawa. Katika sura ya 20, sasa ni mezani, Abneri jemadari akiwa ameketi pale pale, Yonathani anarudia lile lile: kwa nini auawe? Amefanya nini?

Sasa mgeukie upande wa pili. Akiwa na Daudi, anamsema vipi baba yake? Daudi anamwambia kwamba Sauli anaitafuta roho yake, na la kwanza linalomtoka Yonathani ni kumtetea Sauli: hasha, baba hafanyi neno kubwa wala dogo bila kunifunulia. Hapo alikuwa amekosea, lakini amekosea kama mtoto anayemwamini mzazi wake. Hata alipokwisha kukubali kwamba hatari ipo, angalia dua anayomwombea Daudi katika 20:13, kwamba Bwana awe pamoja nawe kama alivyokuwa pamoja na baba yangu. Anamwombea mwindwa baraka ya mwindaji! Wala si kwamba hakujua kumkosoa mzee. Kule Mikmashi, vitani na Wafilisti, Sauli alipowaapiza askari wasionje chakula mpaka jioni, Yonathani alionja asali kwa ncha ya fimbo, na alipoambiwa habari ya kiapo alisema mbele ya askari kwamba baba yake ameisumbua nchi. Siku hiyo Sauli alikuwa tayari kumuua mwanawe kwa ajili ya asali, na ni watu waliomwokoa. Kwa hiyo Yonathani aliijua hasira ile kabla Daudi hajafika mjini. Ila masikioni mwa Daudi hamtukani baba yake hata mara moja.

Doa liko moja, nalo usiwafiche vijana. Alimwambia baba yake kwamba Daudi ameomba ruhusa kwenda Bethlehemu kwa dhabihu ya ukoo, na Daudi wakati huo alikuwa amejificha kondeni. Ni uongo, na waliupanga pamoja. Mwandishi hausifu wala haulaumu. Mimi siutetei, ila nausoma kama chambo: haukutungwa ili kumpatia Yonathani faida, ulitungwa ili moyo wa mfalme ujitokeze. Nao ulijitokeza.

Ili kuelewa ni nini alichokirudia mjini, inabidi tumtazame Sauli kwa karibu. Wanawake walipotoka na matari wakiimba kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, mfalme alipiga hesabu papo hapo. Daudi kapewa makumi elfu, mimi elfu. Amebakiza nini tena ila ufalme? Kisha katika 18:9 Kiebrania kinatumia kitenzi kilichotokana na neno "jicho": tangu siku ile Sauli alimtia Daudi jichoni. Biblia zetu husema alimwonea wivu, na si kosa, ila Kiswahili kina neno lililozaliwa mahali pale pale, nalo ni kijicho. Mwenye wivu anaweza kuwa analinda kilicho chake. Mwenye kijicho anaumwa kwa sababu mwenzake amepata. Sauli alikuwa na vyote viwili kwa pamoja, wivu juu ya kiti na kijicho juu ya wimbo, na nadhani wimbo ndio uliomuuma zaidi. Kiti hakikuwa kimeguswa na mtu.

Sasa ile meza. Usiifikirie kama karamu ya kasri kubwa. Wataalamu wengi huiweka Gibea ya Sauli kwenye kilima kiitwacho Tell el-Ful, kilomita 5 hivi kaskazini mwa Yerusalemu. William Albright alianza kuchimba hapo mwaka 1922, akafukua mabaki ya ngome ya mawe aliyoihesabu kuwa ya Sauli. Wengine wamebishana naye tangu hapo, lakini hakuna aliyewahi kudai kwamba palikuwa na jumba la fahari. Sura yenyewe inataja mfalme kitini pake kando ya ukuta, Abneri ubavuni, Yonathani, na mahali pa Daudi. Katika meza ya namna hiyo kiti kitupu kinapiga kelele.

Ilikuwa sikukuu ya mwandamo wa mwezi. Siku ya kwanza Sauli akanyamaza, akijisemea huenda Daudi amepata unajisi. Siku ya pili akauliza: mbona mwana wa Yese hakuja kula, jana wala leo? Sikiliza majina. Sauli anasema "mwana wa Yese", kama mtu anayeona uchungu kulitia jina kinywani. Yonathani anajibu kwa jina: Daudi aliniomba ruhusa. Kwa jina hilo moja Sauli akalipuka, akamtusi mwanawe kwa mama yake, mwana wa mwanamke mpotovu, mwasi. Sina haja ya kukueleza uzito wa tusi la mama. Ila kumbuka kwamba huyo mama ni Ahinoamu, mkewe Sauli mwenyewe. Anamtukana mtu wa nyumbani mwake ili amuumize mtu mwingine wa nyumbani mwake.

Kisha anatoa hoja yake, nayo si ya kipumbavu. Maadamu mwana wa Yese yu hai, anasema, wewe hutathibitika, wala ufalme wako. Sauli ndiye mfalme wa kwanza wa Israeli; kiti kilikuwa hakijawahi kurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na Yonathani ndiye angekuwa wa kwanza kukirithi. Machoni pake Sauli anampigania mwanawe. Yonathani anapouliza amefanya nini, mkuki unatoka mkononi mwa baba na kumwelekea yeye, yule yule ambaye ufalme unalindwa kwa ajili yake. Nimezisoma sura hizi miaka mingi na bado mstari huo hunisimamisha.

Na hapa ndipo msahihishe kijana wako kidogo. Alisema Yonathani anarudi kula kwa Sauli. Mstari wa 34 unasema aliondoka mezani kwa hasira kali, asile chakula siku ile ya pili ya mwezi, kwa kuwa alihuzunika kwa ajili ya Daudi. Hakurusha mkuki nyuma. Alisusa chakula.

Asubuhi yake akatoka na kijana mdogo mwenye kumbebea mishale. Mnaukumbuka mpango: Daudi angekaa karibu na jiwe la Ezeli; Yonathani angepiga mishale mitatu kana kwamba analenga shabaha; akimwambia yule mtoto kwamba mishale iko upande wa huku, pana amani; akimwambia iko mbele yako, basi Daudi akimbie. Mtoto anakimbia, mshale unampita, Yonathani anapaza sauti kwamba uko mbele, kisha anaongeza: haraka, himiza, usikawie. Mtoto anadhani anaambiwa yeye. Mpango ule wote ulitengenezwa ili marafiki hawa wasihitaji kuonana, maana kuonana kulikuwa hatari. Wakashindwa kujizuia. Daudi akatoka mafichoni, akainama mpaka nchi mara tatu, wakabusiana, wakalia, naye Daudi akazidi.

Lakini kabla Daudi hajatoka, kuna jambo katika mstari wa 40 ambalo kwangu ndilo jibu la swali lako. Yonathani anampa yule mtoto silaha zake na kumwambia azipeleke mjini. Wengi husema ni ujanja tu wa kumwondoa mtoto, na ni kweli ilimwondoa. Ila angalia Daudi anaanza ukimbizi wake na nini. Sura inayofuata tu, yuko Nobu kwa kuhani Ahimeleki akiomba kama pana mkuki au upanga wowote, maana hakuja hata na mmoja. Dakika chache kabla ya kuanza safari hiyo alikuwa amesimama na mtu aliyetoka na upinde na mishale, naye hakuondoka hata na mshale.

Linganisha na siku walipokutana, 18:4. Siku ile Yonathani alivua joho lake akampa Daudi, na mavazi, na upanga, na upinde, na mshipi. Ili uone thamani ya upanga ule, rudi sura ya 13. Wafilisti walikuwa wamehakikisha kwamba Israeli hakuna mhunzi, wasije Waebrania wakajifanyizia panga na mikuki. Mtu akitaka kunoa jembe lake alishuka kwao na kulipia. Siku ya vita, panga na mikuki vilionekana kwa watu wawili tu, Sauli na Yonathani mwanawe. Bila shaka baada ya Mikmashi walipata nyara, lakini msomaji aliyekwisha kusoma hilo anaelewa Yonathani anatoa nini. Na joho ni la mrithi. Lilipopasuka joho la nabii Samweli mkononi mwa Sauli katika sura ya 15, Samweli alimwambia Sauli kwamba ndivyo Bwana alivyourarua ufalme wake. Kinachopasuka mkononi mwa mzee katika sura ya 15, mwana anakivua kwa hiari katika sura ya 18. Tena hawa hawakuwa rika moja kama picha za watoto zinavyoonyesha. Yonathani aliongoza askari 1,000 mwanzoni kabisa mwa utawala wa baba yake. Ishboshethi, ndugu yake, alikuwa na miaka 40 alipotawazwa baada ya kifo cha Sauli, na Daudi 30 alipoanza kutawala. Pengine basi Yonathani alimzidi Daudi zaidi ya miaka 10. Mkubwa ndiye aliyempisha mdogo.

Basi siku ya kwanza anatoa kila kilicho chake, siku ya kuagana anazirudisha silaha mjini. Mimi naona mkono ni ule ule. Kilicho haki yake mwenyewe, yaani kiti, joho, nafasi ya mrithi, alimpa Daudi bila kujibakizia. Silaha ya kumkabili baba yake hakumpa mtu, kwa sababu haikuwa yake kutoa. Mwana wa mfalme akitoka mjini na upinde wake na kuungana na mtu anayewindwa, jina lake ni uasi, hata kama moyo wake ni mweupe. Jinsi mambo hayo yanavyoisha Daudi alikuja kuyaona nyumbani mwake mwenyewe, mwanawe Absalomu alipojitangaza mfalme Hebroni. Daudi hakutaka kiti kwa njia hiyo. Alimkuta Sauli pangoni En-gedi akakata upindo wa joho tu, na bado moyo ukamsuta. Angekuwa na Yonathani kambini mwake, kila aliyechukizwa na Sauli angesema: mrithi yuko huku, twendeni mjini. Kutokuwapo kwa Yonathani kulimsaidia Daudi abaki mtu asiye na hatia.

Sababu nyingine hutajwa, kwamba alirudi ili awe masikio ya Daudi ndani ya nyumba ya mfalme. Mimi siipi uzito mkubwa. Kabla ya mkuki, labda. Baada yake Sauli hakumwamini tena. Katika sura ya 22 anawalalamikia watu wake kwamba hakuna aliyemwambia mwanawe alipofanya agano na mwana wa Yese. Ni hotuba hiyo hiyo iliyomfungua Doegi Mwedomi, mtumishi wa Sauli, kinywa kuhusu msaada Daudi aliopata Nobu, na makuhani 85 wakauawa siku moja. Yonathani alirudi kukaa katika nyumba ambamo kila mtu alijua kwamba mfalme anamtilia shaka. Kijana wako aliona mtu anayerudi kwenye starehe. Isomeni sura ya 22 pamoja halafu umuulize kama ile ilikuwa starehe.

Vita vya Wafilisti pia havikuwa vimekwisha. Huyu ndiye aliyepanda genge la Mikmashi kwa mikono na miguu, yeye na mbeba silaha wake, wakawaangusha watu kama 20. Kuondoka kwake kungewaacha askari wake.

Tena, ukibaki na sura ya 20 peke yake utadhani hawakuonana tena. Nenda 23:16. Daudi yuko Horeshi, nyika ya Zifu. Mistari miwili juu yake tunaambiwa Sauli alimtafuta kila siku asimpate. Mfalme mwenye jeshi na wapelelezi hampati. Mwanawe anaondoka tu, anakwenda, anamkuta msituni. Akamtia nguvu mkono wake katika Mungu, akamwambia: usiogope, mkono wa baba yangu hautakupata, wewe utakuwa mfalme juu ya Israeli, nami nitakuwa wa pili wako; na baba yangu analijua hilo. Hapo sasa analisema wazi, mdomo wake mwenyewe. Wakafanya agano tena mbele za Bwana. Na tena ule mstari unaomkera kijana wako: Daudi akakaa msituni, Yonathani akaenda nyumbani kwake.

Hiyo "nami nitakuwa wa pili wako" haikutimia. Juu ya mlima Gilboa Yonathani alianguka pamoja na ndugu zake Abinadabu na Malkishua, siku ile ile baba yake alipouangukia upanga wake. Nimewahi kusikia ikihubiriwa kwamba alikufa kwa kuwa alichagua upande wa mfalme aliyekataliwa. Maandiko hayasemi hivyo, na aliyekuwa na haki kuliko wote ya kusema hivyo hakusema. Katika maombolezo ya 2 Samweli 1, Daudi anawaweka baba na mwana katika mstari mmoja, kwamba katika maisha yao walipendeza, na katika mauti yao hawakutenganishwa. Sauli aliyemwinda miaka ile yote! Kisha sauti inabadilika, anamwita Yonathani ndugu yangu, anasema upendo wako kwangu ulikuwa wa ajabu, kupita upendo wa wanawake. Hadi hapo, mara kwa mara ni Yonathani anayetajwa kumpenda Daudi kama roho yake. Ya moyoni mwa Daudi tunayasikia mwenzake akiwa amekwisha kufa.

Kondeni Yonathani alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kwamba Daudi asiondoe fadhili zake katika nyumba yake, hata Bwana atakapowakatilia mbali adui zake. Ombi lenye akili sana. Aliyepanda kitini siku zile alikuwa na kila sababu ya kuumaliza ukoo wa mtangulizi wake. Daudi akamtafuta Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyekuwa na miaka 5 yaya alipomwangusha akikimbia na kulemaa miguu yote miwili, akamtoa Lo-debari alikokuwa amehifadhiwa, akamrudishia mashamba ya Sauli na kumweka mezani pake. Baadaye, kwa maneno ya mtumishi Siba, Daudi akamnyang'anya mashamba yale, kisha akayagawa nusu kwa nusu, na sioni kwamba alimtendea haki. Lakini Wagibeoni walipodai watu saba wa nyumba ya Sauli wauawe, 2 Samweli 21:7 inasema mfalme alimwachilia Mefiboshethi mwana wa Yonathani kwa ajili ya kiapo kilichokuwa kati yao.

Juma lijalo, mama, kabla hujawaeleza lolote kati ya haya, mwombe kijana yule yule asome 20:40 kwa sauti, halafu muulize ile mishale ilikwenda wapi.